Siku Baba Alipofungwa Jela ya Mbao

Kila mwaka majira ya fataki yakifika, vijana wa Barking hapa London wakaanza kulipua baruti nyuma ya maduka, mimi hufunga madirisha yote. Jirani yangu anadhani sipendi kelele. Kelele nitazikimbilia wapi, nami nimekulia juu ya duka la kuku wa kukaanga? Kinachonishinda ni ile harufu. Baruti ikichanganyika na nyasi mbichi, utu uzima wangu wote kwaheri. Narudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimesimama katikati ya mji wa uongo, nimemng'ang'ania baba yangu suruali, nalia mbele za watu.

Mji wenyewe ulikuwa wa makaboi. Ndiyo, hapahapa Uingereza. Kulikuwa na Waingereza, watu wazima na akili zao, wanaofanya kazi zao za kawaida Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu Jumamosi wanavaa makofia mapana na mabuti ya ngozi, wanakutana kwenye shamba moja nje ya London na kuishi kama Wamarekani wa zamani. Walikuwa wamejijengea mtaa mzima wa mbao: baa, benki, kanisa, kinyozi, jela. Mwenzangu mmoja wa darasani alipelekwa huko siku yake ya kuzaliwa akarudi na nyota ya bati kifuani. Tangu hapo sikumpa baba yangu nafasi ya kupumua.

Baba hakuwa mtu wa matembezi. Alikuwa dereva wa teksi zile za kuagizwa kwa simu, na mtu anayeshinda ndani ya gari akibeba walevi na mizigo ya watu, ukimwambia twende tukatembee kwa gari ni kama umemtukana. "Mnataka niende kazini bure?" ndilo lilikuwa jibu lake. Mcheshi wa nyumba alikuwa Mama. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwalisha, na jioni alirudi na vituko vyao akatuigizia mpaka Seif, mdogo wangu, anajikojolea kwa kicheko.

Mwaka ule Mama alikuwa na furaha nyingine kabisa. Alikuwa anakwenda Tanga. Hakuwa amemwona mama yake tangu kabla Seif hajazaliwa, kwa sababu ya mambo ya makaratasi ya Uhamiaji, yale mambo ambayo sisi watoto tuliyasikia yakinong'onwa jikoni na kujua tu kwamba yanatisha. Sasa makaratasi yake yalikuwa yametoka. Tiketi ya mwezi unaofuata imeshakatwa, sanduku liko wazi chumbani, na kila siku linaongezwa kitu cha Bibi: miwani, sweta, kipimo cha presha, dawa ya kuchua magoti. Bibi mwenyewe nilimjua kwa sauti tu. Alikuwa akipigiwa simu analia kwanza, ndipo anaanza kusalimia.

Basi Jumamosi moja ya kiangazi tukaamshwa na Baba, naye kishavaa. "Amkeni. Leo tunakwenda kwa makaboi."

Mama akatoka bafuni na mswaki mdomoni. "Baba Mwana, uko mzima? Umeota nini?"

"Watoto wameomba siku nyingi."

"Na kazi?"

"Kazi haiishi."

Mama akamwekea kiganja kwenye paji la uso kumpima homa, akacheka, akaenda kuvaa gauni lake la njano, lile la kuendea harusi za watu. Mtu aliyesubiri matembezi kwa miaka havai la kawaida.

Sasa ninyi wenzangu mliolelewa huku na wazazi wa kuja mtanielewa. Mtoto wa nyumba kama ile ni mpelelezi, hafundishwi. Nilimtazama Baba nikaona hakunywa chai. Niliona anatoka kwenye ngazi kuongea na simu kwa sauti ya chini, na mimi nikichungulia ananyamaza. Tulipofika barabara kuu Mama akaikosa simu yake kwenye mkoba, Baba akasema, "Aa, itakuwa imebaki kwenye chaji. Leo tupumzike na masimu." Baba hakuwa mtu wa kuacha simu nyuma. Ukisahau mwavuli alikuwa anakurudisha.

Nikajumlisha, nikapata jibu langu. Makaratasi ya Mama yametoka, ya Baba yamekataliwa. Watu wa Uhamiaji wanakuja nyumbani leo, ndiyo maana tumetolewa asubuhi asubuhi. Kwenye jengo letu iliwahi kuchukuliwa familia namna hiyo, alfajiri, mtoto wao na pajama zake. Baba anatoroka, nikajiambia, na kabla hajakamatwa ameamua kutupa siku moja nzuri. Sikumwambia mtu. Nilikaa kiti cha nyuma nimeshika ukanda wa gari kwa mikono miwili, na kila gari la polisi lililotupita lilinipa haja ndogo.

Njiani, kabla hujafika ule mji, kulikuwa na sanamu la kaboi kando ya barabara. La plastiki, refu kuliko nyumba, mkono mmoja kiunoni na mwingine unaonyesha njia, na chini ya miguu yake mgahawa wa chai na soseji. Watu walikuwa wanasimamisha magari kupiga picha. Mama akaamuru na sisi tusimame.

"Waingereza hawa nao!" akasema. "Nchi yao imejaa makasri ya wafalme, wao wanakwenda kuigiza ya wenzao."

Soseji zao hatuli, kwa hiyo Mama alikuwa amefunga chapati na mayai ya kuchemsha. Tukala tumeegemea buti la kaboi. Chapati ya Baba akapewa Seif. Kisha Mama akatoa kamera yake mkobani, akamwomba mpita njia atupige picha, akatupanga, akamgeukia Baba. "Cheka basi, mume wangu. Umenuna kama uliyefiwa!"

Baba akacheka. Picha ile ninayo mpaka leo na meno yake yote yanaonekana.

Mji wenyewe ulinuka kinyesi cha farasi, nyasi mbichi, mbao mpya na baruti. Vumbi hawakuwa nalo, mvua ya nchi hii haikubali, kwa hiyo walikuwa wamemwaga maranda ya mbao juu ya matope. Wanaume wenye vitambi walisimama pande mbili za njia, wakatoleana bastola, pa! pa! pa!, mmoja akajitupa chini akakata roho kwa madaha mengi. Seif, ambaye Kiswahili alikielewa chote lakini majibu yake yote Kiingereza, akauliza kama yule mtu kafa kweli.

"Hapa hawafi, baba," Mama akamwambia. "Wanalala kidogo, halafu wanaamka wanakwenda kunywa chai."

Na kweli akaamka, akajipangusa maranda matakoni. Nilipogeuka kumwonyesha Baba, alikuwa amekwenda upande wa farasi, simu sikioni.

Kulikuwa na duka. Mama akaingia akajaribu makofia yote, akajitazama kwenye kioo, akatufanya tucheke mpaka mwenye duka naye akacheka. Akashika mawili mkononi. "Hili nampelekea mama. Atalivaa akienda shambani, wenzie wamuulize kalitoa wapi. Baba Mwana, jekundu au la kahawia?"

Baba akatoa pochi. "La kahawia," akasema. "Jekundu litachuja." Akalipa yeye.

Nilidhani anaweka akiba ya mapenzi kabla ya kutengana nasi. Nilimwonea huruma hata nikakataa nyota ya bati aliyotaka kuninunulia, mimi niliyeililia mwaka mzima. Mama akashangaa, "Huyu naye kapatwa na nini leo?"

Tukafika kwenye jela. Chumba kimoja cha mbao, nondo za chuma, na mlangoni sherifu, askari mkuu wa mji wao, mwenye masharubu ya kupachika. Kazi yake ilikuwa kumkamata mgeni mmoja katika kila kundi, amfungie dakika mbili tatu, mke na watoto wapige picha. Akatutazama sisi, akatoa pingu, akamnyooshea Baba kidole. Akasema kwa Kimarekani chake kwamba mtu huyu anatafutwa.

Yarabi! Nilipiga ukelele mtaa mzima ukageuka. Nikaikumbatia miguu ya Baba nikawa napayuka kwa lugha zote mbili, "Ana karatasi! Baba yangu ana karatasi! Ziko nyumbani!"

Waliokuwa wanacheka wakaacha. Masikini yule sherifu, uso ulimwiva. Akachuchumaa mbele yangu, akavua kofia, Kimarekani chote kikamtoka, akaniambia kwa Kiingereza cha hapahapa London kwamba yeye ni fundi bomba tu, na pingu ni za plastiki, akanipa nizishike. Mama alikuwa ameniinamia, ananifuta kamasi kwa mtandio wake, hajui acheke au alie.

"Ni mchezo, Mwana," Baba akasema. "Tazama. Naingia mwenyewe, natoka mwenyewe."

Akaingia. Sherifu akafunga mlango taratibu kwa ajili yangu. Na Baba akiwa mle ndani, simu yake ikalia.

Akatugeuzia mgongo. Nilisikia "Naam... naam, kaka... wameshamaliza?... Haya. Haya." Akakata, akakaa kwenye benchi ya wafungwa, akaweka mikono magotini, viganja juu. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Kisha mabega yakaanza kumtikisika na machozi yakamtoka waziwazi.

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mwoneni baba yenu! Kumbe anajua kuigiza na hasemi! Lia, jambazi we, lia, umeua wangapi?" Akainua kamera, akampiga picha.

Mimi sikucheka. Nilijua simu ile imesema nini. Imesema wameshafika nyumbani kwetu wanamsubiri.

Tulirudi polepole, Baba akifuata malori kana kwamba hana pa kuwahi. Mama alivaa kofia la Bibi, akaimba, akapitiwa na usingizi, akaamka akaimba tena. Karibu na kwetu Baba akasema kwenye simu neno moja, "Tumefika." Mimi nilikuwa nimeshapanga hotuba yote nitakayowaambia polisi. Nilikuwa nimeamua kwamba wakimchukua Baba wanichukue na mimi, Seif abaki na Mama kwa kuwa yeye mdogo.

Tulikaa ghorofa ya tatu. Viatu vilianza kwenye ngazi.

Vilikuwa vingi, vya kike na vya kiume, vimepangwa pembeni ya ukuta mpaka mlangoni. Vile vya raba vya kazini, wanavyovaa wauguzi. Vyeusi vya Shangazi Zuhura, dada yake Baba, aliyekuwa anaishi Thornton Heath, upande wa pili wa London, na hakuwa akija kwetu bila kutangaza wiki nzima. Harufu ya udi ilitoka chini ya mlango, na ndani kulikuwa kimya.

Mimi nilifurahi. Wallahi nilifurahi, nikatamani kuruka. Watu wa Uhamiaji hawavui viatu mlangoni. Nikamshika Baba mkono nikamtazama nimpe habari njema kwa macho, naye hakunitazama, alikuwa anamtazama Mama.

Mama alikuwa amesimama na mguu mmoja ngazi ya juu. Hakuuliza viatu vya nani. Akavua lile kofia polepole.

"Nani?" akasema, bila kugeuka.

"Ingia ndani kwanza, Mama Mwana."

"Nimekuuliza, nani?"

Mlango ukafunguka. Shangazi Zuhura alikuwa kajitanda kanga mbili, macho mekundu. "Wifi yangu," akasema. "Pita mama, pita."

"Ni mama?"

Shangazi akamfungulia mikono. Mama aliporomoka, lakini hakufika sakafuni. Sijui wale wanawake walitokea wapi kwa haraka ile. Mmoja kashika kichwa, mmoja kiuno, mmoja kampitishia kanga juu ya lile gauni la njano. Alipiga yowe, nao wakalipokea wote, mpaka ikawa hujui yowe ni la nani. Wakambeba hivyohivyo mpaka kwenye mkeka. Fanicha zetu zote zilikuwa zimeshatolewa, na jikoni kulikuwa na masufuria ambayo si yetu.

Alipotulia kidogo aliuliza, "Lini?"

"Alfajiri," Shangazi akasema. "Presha. Kaka yako alimpigia mumeo. Ndiyo mimi nikamwambia akutoe nyumbani mpaka tukusanyike. Wengine walikuwa kazini, wifi, ikabidi tungoje watoke."

"Wamemzika?"

"Wamezika. Baada ya laasiri."

Mama akatazama vidole vyake, akahesabu tofauti ya saa kati ya kule na huku. "Basi kwetu hapa ilikuwa saa nane," akasema. "Saa nane nilikuwa wapi?"

Wanawake wakainamisha vichwa. Seif ndiye aliyemjibu, kwa Kiingereza chake safi, kwamba saa ile tulikuwa tunampiga Baba picha jela.

Mama akainua macho akamtafuta Baba. Alikuwa kasimama kwenye korido na wanaume. "Nilikuwa nacheka," akamwambia mbele ya watu wote. "Mama yangu anafukiwa, mimi nacheka."

Watu wakakaa nasi siku zote za msiba, wakapika, wakasoma, wakatuogesha mimi na Seif kama watoto wao. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, maana London haina likizo ya msiba ndefu. Nyumba ilipobaki na sisi tu, ndipo nikawasikia wazazi wangu kupitia ule ukuta wetu mwembamba.

"Ungeniambia asubuhi," Mama alisema. "Ningekaa nikamsomea. Ningejua saa ile ndiyo saa yake. Umenizungusha na makofia."

"Ningekuambia, nani angekushika? Kwetu ukipiga yowe mtaa mzima uko uani kwako. Hapa ukipiga yowe jirani anaita polisi. Zuhura yuko kazini, wenzio wote kazini. Nilikuwa peke yangu na watoto wawili. Ungeangukia wapi?"

"Si ulikuwepo wewe? Ungenishika wewe."

"Nilihofia sitaweza," Baba akasema.

Mama aliondoka mwezi uliofuata kwa tiketi ileile, akaenda kuzuru kaburi. Aliporudi waliishi vizuri, sitaki kusema uongo. Vicheko vilirudi, vituko vya wale wazee vilirudi. Lakini nilikua nikiwa na hasira na Baba kwa ajili yake, hasira ya miaka. Mila gani hii, nilisema, ya kumfanya mtu mjinga siku ya msiba wake? Nilipoanza kazi na kuhamia chumba changu Ilford, nikaugua mafua mazito na kugundua kwamba hakuna hata mtu mmoja kwenye jengo lile anayejua jina langu, ndipo nilipomfikiria Baba na ule ukimya wake wa barabarani. Siku nzima alimbeba mtu asiyejua kwamba amebebwa. Nikaanza kumwonea huruma, lakini hasira haikuisha. Zilikaa pamoja zote mbili.

Mama aliligusa jambo lile mara moja tu. Tulikuwa tunachambua mchele, akasema bila kuniangalia, "Mwana, likitokea la kutokea, mimi usinizungushe. Niambie papo hapo, hata niwe wapi."

"Mama, hayo maneno gani sasa?"

"Ndiyo hayo. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Baba aliugua muda mrefu. Siku aliyotutoka nilikuwa naye hospitalini mimi. Mama alikuwa amerudi nyumbani kuoga na kuswali, kwa kuwa daktari alisema hali imetulia. Haikuchukua muda. Nilimsomea shahada sikioni, nikamfumba macho, nikatoka kwenye korido. Seif alikuwa mbali, kazini mji mwingine. Nikampigia Shangazi Zuhura, naye akalia, kisha akanyamaza ghafla akapata sauti yake ya amri.

"Mama yako usimwambie kwenye simu! Umenisikia? Yuko peke yake. Mpigie mwambie unachelewa, mwambie lolote. Tukusanyike kwanza."

Nikakata simu. Nilisimama pale nikajua Shangazi anasema kweli, na kwamba Baba angefanya hivyohivyo. Nilimwona Mama peke yake jikoni, sakafu ile ngumu, mlango wa jirani umefungwa. Nikapiga.

"Mama."

"Naam." Nyuma yake bomba la maji lilikuwa linatiririka.

"Mama, Baba ametutoka. Sasa hivi. Niko naye."

Maji yakafungwa. Nikasikia akisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, neno kwa neno, mpaka mwisho. Mimi nikaanza kulia, sikuweza kujizuia, nikawa nasema, "Mama? Mama, kaa chini, nakuomba kaa chini, Shangazi anakuja hapo."

"Wewe uko na nani?" akaniuliza.

"Niko peke yangu."

"Hakuna mtu hapo?"

"Hakuna, Mama."

"Haya," akasema, na nikasikia anatafuta viatu. "Kaa chini wewe, mwanangu. Usitoke hapo. Nakuja."